Kufuatilia trafiki na hitilafu kwenye poti za swichi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya hunifikia yakiwa picha ya skrini na maneno matatu: "Hii ni mbaya?" Nimeyakusanya hapa ili nisiendelee kujibu jambo lilelile kila wiki.

Poti yangu inaonyesha hitilafu 48,000. Ni nyingi?

Namba hiyo peke yake haina jibu. Kihesabio cha swichi ni kama mita ya maji: kinapanda tu tangu kifaa kilipowashwa, na hakikumbuki kilipanda lini. Hizo 48,000 huenda ziliingia zote ndani ya robo saa miezi minane iliyopita, siku mtu alipochomeka waya mbovu kisha akauchomoa. Huenda pia zimeingia tangu asubuhi ya leo.

Soma, andika saa, subiri dakika tano, soma tena. Kama namba imebaki palepale, ulichonacho ni kumbukumbu ya tatizo. Kama imepanda, linganisha ongezeko hilo na pakiti zilizopokewa katika dakika hizohizo. Tuseme zimeongezeka hitilafu 200 na pakiti 2,000,000: hiyo ni moja kwa kila 10,000. Inaonekana ndogo, lakini sivyo. Kiwango cha 1000BASE-T, ambacho ndicho gigabiti ya waya wa shaba, kinavumilia biti moja mbovu katika kila biti bilioni 10. Fremu (pakiti ilivyofungashwa kupita kwenye waya) ndefu ya kawaida ina baiti 1,518, yaani biti 12,144, kwa hiyo kiwango kinaruhusu takriban fremu moja mbovu kwa kila 800,000. Wewe umekizidi mara themanini.

Mimi ni mkali kuliko kiwango. Waya mzima, uliobanwa vizuri, hukaa wiki nzima kwenye sifuri. Kihesabio cha hitilafu kikiendelea kupanda, hata polepole, nauangalia waya huo.

Trafiki ninaihesabuje kutoka kwenye vihesabio?

Ni hesabu ya kutoa, kuzidisha na kugawanya. Saa 4:00 kihesabio cha baiti zinazoingia, ifHCInOctets, kinasoma 48,250,000,000. Saa 4:05 kinasoma 50,125,000,000. Tofauti ni baiti 1,875,000,000. Zidisha kwa 8 upate biti 15,000,000,000, gawanya kwa sekunde 300, unapata megabiti 50 kwa sekunde. Kwa poti ya gigabiti moja hiyo ni asilimia 5.

Wanaokosea hapa husahau kuzidisha kwa 8. Wanaona poti inafanya "megabaiti 6", wanailinganisha na megabiti walizoahidiwa, na ugomvi unaanza.

Kuingia na kutoka ni kwa upande wa nani?

Wa swichi, siku zote. Seva ikipakua faili kubwa, poti yake kwenye swichi itaonyesha trafiki *inayotoka*. Ukisoma upande wa seva mambo yanageuka.

Grafu ya poti ya gigabiti inapanda vizuri, kisha ghafla inashuka na kuonyesha namba zisizo na maana. Kwa nini?

Karibu hakika unasoma vihesabio vya zamani vya biti 32. Kihesabio cha biti 32 kinafika 4,294,967,295, kisha kinaanza tena sifuri. Enzi za megabiti 10, baiti hizo zilichukua kama dakika 57 kujaa, na hakuna aliyejali. Kwenye megabiti 100 ni chini ya dakika sita. Kwenye gigabiti moja ni sekunde 34. Programu yako inayosoma kila baada ya dakika tano haiwezi kujua kama kihesabio kimezunguka mara moja au mara nane.

Tumia vya biti 64, vyenye herufi HC katika jina: ifHCInOctets na ifHCOutOctets. Hivyo hata poti ya terabiti moja iliyojaa muda wote ingechukua zaidi ya miaka minne kuvizungusha. Vipo tangu miaka ya 1990, lakini havipatikani kwa toleo la 1 la SNMP, lugha ambayo programu ya ufuatiliaji huitumia kuisoma swichi. Inabidi utumie 2c au 3. Nimeona watu wakibadilisha swichi nzima kwa sababu ya "grafu mbovu", kumbe ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya programu.

Hitilafu na pakiti zilizotupwa si kitu kimoja?

Hapana, na ukizichanganya utabadilisha waya usio na kosa.

Hitilafu, ifInErrors, maana yake fremu ilifika ikiwa imeharibika. Kila fremu ya Ethernet hubeba mwishoni baiti nne za kukagulia. Swichi hupiga hesabu yake, ikiona jibu halilingani, inaitupilia mbali fremu hiyo na kuongeza moja kwenye kihesabio cha CRC, ambacho sehemu nyingine kinaitwa FCS. Chanzo ni cha kushikika kwa mkono: waya, kichwa cha waya (RJ45), moduli ya faiba, poti yenyewe, au kifaa cha upande wa pili.

Pakiti zilizotupwa, ifOutDiscards, ni hadithi tofauti kabisa. Fremu ilifika salama, haina kasoro, ila foleni ya kutokea ilikuwa imejaa. Ni kama abiria mwenye tiketi halali anayekuta basi halina nafasi. Waya hauna lawama hapa. Tatizo ni kwamba vinavyotaka kutoka ni vingi kuliko uwezo wa poti.

Kuna pia ifInDiscards, pakiti zilizotupwa wakati wa kuingia. Hiki kina tabia zake kwa kila mtengenezaji. Kwenye baadhi ya swichi kinapanda kwa sababu tu kuna fremu zenye VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) isiyoruhusiwa kwenye poti ile, jambo ambalo ni la kawaida. Usikurupuke nacho.

Mbona poti inatupa pakiti na grafu inasema matumizi ni asilimia 8?

Kwa sababu grafu inakupa wastani, na foleni haijazi kwa wastani. Poti ya gigabiti ikijaa kabisa kwa sekunde tatu, kisha ikakaa kimya kwa muda uliobaki wa dakika tano, grafu itaonyesha megabiti 10. Asilimia moja. Katika sekunde zile tatu, watumiaji walikuwa wanalalamika.

Hali huwa mbaya zaidi pale trafiki inapotoka poti ya kasi kubwa kwenda ya kasi ndogo. Chukua seva yenye gigabiti 10 inayomtumia data mtumiaji wa gigabiti moja. Kila sekunde gigabiti 9 hazina pa kwenda isipokuwa kwenye bafa, kumbukumbu ya swichi ambamo foleni husubiri. Bafa ya megabaiti moja inajaa chini ya milisekunde moja. Hakuna programu ya kufuatilia inayosoma kila milisekunde, kwa hiyo mafuriko haya hayataonekana kamwe kwenye grafu ya trafiki. Yanaonekana kwenye kihesabio cha pakiti zilizotupwa tu, ndiyo maana nasisitiza ukichore.

Si kila pakiti iliyotupwa ni msiba. TCP, kanuni inayosimamia usafirishaji wa data kama faili, hutumia upotevu huo kujua kwamba ipunguze mwendo, na poti inayotupa chache wakati wa kunakili faili kubwa inafanya kazi yake. Nahangaika ikiwa poti inabeba sauti au video, au ikiwa kutupa kunaendelea saa nzima. Hapo tiba ni kuongeza kasi ya poti, kuunganisha poti mbili ziwe moja, au kupanga vipaumbele vya foleni. Ukiunganisha poti mbili, kumbuka kila mazungumzo hupita waya mmoja tu. Mtumiaji mmoja mzito anaweza kujaza waya mmoja huku wa pili ukipiga miayo, kwa hiyo fuatilia kila poti peke yake.

CRC inapanda. Nianzie wapi?

Kwanza elewa poti inakuambia nini. Inahesabu kilichoharibika *kikija kwake*. Kile inachokituma kikaharibika njiani kitahesabiwa na kifaa cha upande wa pili. Kwa hiyo soma ncha zote mbili kabla hujagusa kitu. Upande mmoja ukiwa safi na mwingine mchafu, umeshapata mwelekeo: waya katika mwelekeo ule, mtumaji wa kule au mpokeaji wa huku.

Kisha badilisha kitu kimoja kimoja. Anza na waya mfupi wa pachi, kwa kuwa ndio unaokanyagwa na kukunjwa. Subiri, soma. Bado inapanda? Hamishia kifaa poti nyingine ya swichi. Hitilafu zikihama nacho, poti haina kosa. Zikibaki kwenye poti ya zamani na kifaa kingine, umepata mkosaji. Mwishoni ndipo uje kwenye waya wa ukutani, ambao ndio wenye kazi kubwa: pengine umezidi mita 100, umepita sambamba na nyaya za umeme, au kichwa kimebanwa na jozi zikafunguliwa msokoto kwa sentimita kadhaa. Mtu anayebadilisha waya, poti na kadi ya mtandao kwa mkupuo hupata nafuu, ila hajui nini kilimponya, na waya mbovu unarudi kabatini kungoja mtu mwingine.

Na iangalie grafu ya hitilafu kwa saa za siku. Niliwahi kuhangaika na poti moja ambayo CRC ilipanda kuanzia asubuhi, ikasimama mchana, ikapanda tena, ikalala jioni. Jumamosi na Jumapili sifuri. Trafiki haikufuata mpangilio huo, kwani chelezo zilipita usiku kwa wingi bila hitilafu hata moja. Kifaa cha kupima waya kilisema waya ni mzima. Nilipoenda kukaa pale ofisini nikaona: gurudumu la kiti lilikuwa juu ya waya wa pachi. Mwenye kiti akikaa na kujisogeza, waya unabanwa. Akienda kula, unapumua. Niliupima waya mara mbili, na mara zote mbili nilimwomba kwanza anipishe.

Migongano ya kuchelewa inamaanisha nini?

Mara nyingi pande mbili hazijakubaliana kuhusu dupleksi. Upande mmoja unaamini unaweza kutuma na kupokea kwa pamoja, mwingine unaamini ni zamu kwa zamu.

Inatokea hivi: mtu ameipangia seva kwa mkono megabiti 100 na dupleksi kamili, akaiacha swichi ijipatanishe yenyewe. Kwa kuwa seva imeacha kutangaza uwezo wake, swichi inatambua kasi kutoka kwenye mawimbi ya waya, lakini haina njia ya kujua dupleksi. Kanuni inaiagiza ichague nusu. Sasa upande wa nusu dupleksi unahesabu migongano ya kuchelewa, yaani inayotokea baada ya baiti 64 za kwanza kupita, na upande wa dupleksi kamili unahesabu CRC na fremu fupi zilizokatika. Ukiona jozi hiyo ya dalili kwenye ncha mbili za waya mmoja, acha kutafuta waya mbovu.

Ping, jaribio la kutuma pakiti ndogo na kungoja jibu, inapita vizuri katika hali hii, ndiyo maana inawasumbua watu. Pakiti chache ndogo hazigongani. Anza kunakili faili na kila kitu kinakwama.

Dawa: acha pande zote mbili zijipatanishe zenyewe. Ushauri wa "panga kwa mkono ili iwe imara" ni wa zama ambazo vifaa vilikuwa havielewani. Kwa gigabiti ya waya wa shaba, kujipatanisha ni sehemu ya kiwango chenyewe.

Na fremu fupi mno au ndefu mno?

Fupi ni chini ya baiti 64: mabaki ya mgongano au kadi ya mtandao inayokufa. Ndefu ni zaidi ya 1,518, au 1,522 ikiwa na lebo ya VLAN. Mara nyingi kuna mtu amewasha fremu kubwa za baiti 9,000 kwenye seva akasahau swichi. Hapo sahihisha mpangilio, usiguse waya.

Faiba ina tofauti gani?

CRC kwenye faiba, safisha kwanza. Vumbi lisiloonekana kwa macho kwenye ncha ya kiunganishi linatosha. Halafu soma nguvu ya mwanga kwenye moduli, ambazo nyingi huitoa zenyewe kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) pamoja na joto lake. Ilinganishe na kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa moduli, na zaidi, ilinganishe na ilivyosoma siku ya kufungwa. Kushuka kwa dB 3 ni nusu ya mwanga imepotea. Ndiyo sababu ya kuandika namba hizo siku ya kwanza, kila kitu kikiwa kizima. Wala usichungulie ndani ya faiba ili kuona kama "inawaka": mwanga wake hauonekani, na unaweza kuumiza jicho.

Hitilafu za CRC zinaonekana kwenye swichi tatu kwa mpigo. Zote mbovu?

Uliza kwanza kama ni swichi zinazopitisha fremu kabla haijamalizika kufika. Swichi ya kawaida huhifadhi fremu nzima, huikagua, na iliyoharibika inaishia pale. Zile za kasi, hasa za vituo vya data, huanza kuituma mara zikishasoma anwani. Zinapogundua imeharibika, kichwa cha fremu kimeshaondoka. Uchafu husafiri swichi hadi swichi, na kila moja inauhesabu. Rudi nyuma poti kwa poti, ukifuata inakoingia, hadi ufike poti ambayo kifaa chake cha upande wa pili hakina hitilafu za kuingia. Tatizo liko kwenye waya huo.

Nisome vihesabio kila baada ya muda gani?

Dakika tano ni desturi iliyoenezwa na MRTG, programu iliyoanza mwaka 1995. Kwa poti za watumiaji inatosha. Kwa poti zinazounganisha swichi na swichi, na za seva, mimi nasoma kila dakika moja. Chini ya sekunde 10 sishauri: baadhi ya swichi huhuisha vihesabio vyake vya SNMP kila baada ya sekunde kadhaa tu, kwa hiyo utapata grafu yenye meno ya msumeno, sifuri kisha mlima, na utadhani ni trafiki.

Nitumie programu ipi?

LibreNMS ukitaka iliyo tayari: inagundua poti zenyewe na kuchora trafiki, hitilafu na pakiti zilizotupwa bila kuiambia. Zabbix ikiwa unafuatilia na seva pia. Prometheus na Grafana kama timu yako tayari inazitumia. Kuliko kubishana kuhusu programu, tumia alasiri moja kuandika maelezo kwenye kila poti. Arifa ya saa nane usiku inayosema "Gi1/0/23" haimwambii mtu kitu. Inayosema "seva ya chelezo, kadi ya pili" inamwamsha anayehusika.

SNMP 2c ina hatari?

Neno lake la siri hupita kwenye mtandao bila kufichwa, na vifaa vingi hutoka kiwandani likiwa "public". Tumia toleo la 3 lenye uthibitisho na usimbaji. Kama kifaa hakiliwezi, badilisha neno, ruhusu kusoma tu, na zuia poti 161 ya UDP (namba ya huduma ya SNMP, si tundu la swichi) isifikiwe ila na seva yako ya ufuatiliaji.

Niweke arifa zipi nisife kwa kelele?

Chache. Poti kuu: hitilafu zikipanda katika usomaji mitatu mfululizo, niambie. Pakiti zilizotupwa: kwa asilimia ya zilizotumwa, kamwe si kwa idadi. Kasi ya poti ikibadilika kutoka gigabiti kwenda megabiti 100, niambie mara moja. Mara nyingi ni jozi moja ya waya imekatika na hakuna aliyegundua bado. Matangazo ya kwenda kwa wote yakiruka ghafla, huenda mtu amechomeka ncha mbili za waya kwenye swichi ileile.

Poti ya mtumiaji kuzimika si arifa. Watu huzima kompyuta wakienda nyumbani.

Swichi yangu haina usimamizi wowote. Nifanyeje?

Soma upande wa pili. Kwenye Linux, `ip -s link` na `ethtool -S`. Kwenye Windows, `netstat -e`. Utaona kinachoharibika kikija kwenye kompyuta, hutaona kinachoharibika kikienda.

Poti imejaa. Ninajuaje nani anaijaza?

Vihesabio havijui. Vinahesabu baiti bila kuuliza mwenyewe. Kwa hilo unahitaji sFlow, NetFlow au IPFIX, njia ambazo kifaa hutumia kueleza nani anawasiliana na nani na kwa kiasi gani. Kuakisi poti, yaani kunakili trafiki yake, kwenda kwenye kompyuta yenye Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti, kunasaidia pia, ila kuwa macho: poti ya gigabiti hubeba gigabiti mbili, moja kila upande, na poti ya kuakisia hutoa moja tu. Zinazozidi hupotea. Na fremu zenye CRC mbovu kwa kawaida haziakisiwi, kwa hiyo usizitafute humo.

Baada ya swichi kuwashwa upya, grafu za poti zimebadilishana. Mzimu?

Ni ifIndex, namba ambayo swichi huipa kila poti. Programu nyingi hutambua poti kwa namba hiyo, na baadhi ya swichi huzigawa upya zikiwaka, hasa ukiwa umeongeza moduli. Washa mpangilio wa kuzidumisha, au iambie programu itambue poti kwa jina.

Nimefuta vihesabio kwenye swichi, mbona programu bado inaonyesha namba za zamani?

Kwenye swichi za Cisco, `clear counters` hurudisha sifuri kile unachokiona wewe ukiandika `show interfaces`. Vihesabio vya SNMP haviguswi, na ni heri, la sivyo kila fundi angeharibu grafu za wenzake. Vile vinarudi sifuri swichi ikiwashwa upya. Kujua kama imewashwa, angalia sysUpTime, muda tangu swichi ilipowaka, ila hiyo nayo ni ya biti 32 na inahesabu sehemu za mia za sekunde: baada ya siku 497 inaanza upya yenyewe, bila swichi kuzima hata kidogo.